Nafasi ya Tatu

Leo narekodi tangu mwanzo, sikati kitu.
Nikifa, naacha nife. Nikipotea pangoni,
naacha nionekane nimepotea,
nazunguka jiwe lile lile mara nne
kama mgeni wa Mabatini aliyeambiwa
"nyumba iko pale penye jiwe kubwa."

Waya mwekundu umelegea, nimeubana kwa kibanio cha nguo.
Mashine ni ile ile ya kibanda cha Mama Nyanzobe:
shilingi mia mbili raundi moja, anayelia atoke nje.
Kitufe cha kuruka kimefutika alama yake.
Vidole vya Igogo, vya Pamba, vya mtaa mzima
vimekilamba kama ndama alambavyo magadi.

Kadi ya kumbukumbu ilikuwa na nafasi tatu.
Ya kwanza yetu sote, tukiibiana.
Ya pili ya Bugumba, kwa kuwa ana ngumi.
Ya tatu, Mama alisema, msiguse,
humo nimeweka hesabu zangu.

Tukaamini.
Mtu anayekaanga dagaa tangu alfajiri,
anayejua bila daftari nani anadaiwa mafungu mangapi,
huenda kweli ana siri na mashine.

Jana nilikuwa nahamishia yote kwenye kompyuta
kabla kadi haijakata roho.
Nikaifungua ya tatu.

NYANZO.
Herufi sita tu ndizo zinazoruhusiwa.
Saa themanini na moja.
Kisiwa cha kumi na mbili!
Na sisi tulioishia cha tano
tulikuwa tukiapa kwamba gemu ni mbovu.

Nikatazama upanga wake, ngao yake,
mfuko wa dawa umejaa pomoni,
hajatumia hata moja.
Nikakumbuka mwanga wa bluu chini ya mlango wa bati
usiku tulipotumwa mkaa;
tulipita tukisema, Mama anaangalia taarifa ya habari.

Amesimama mbele ya mlango wa mwisho.
Anapumua, mabega juu, mabega chini,
miaka kumi na tisa.

Nikampigia simu Nansio.
"Mama, hesabu zako nimeziona."
Kimya. Kuku. Upepo wa ziwa ukikwaruza simu.
Halafu kicheko kile kile cha kudai deni.
"Umefungua?"
"Nafasi, ndiyo. Mlango, hapana."
"Nilisema nitaufungua siku isiyo na kazi.
Wewe uliwahi kuiona siku hiyo imepita wapi?"

Macho yake sasa yana ukungu,
noti ya elfu kumi anaijua kwa kuipapasa.
"Cheza yote," akasema, "uniletee. Usinirukie mahali.
Sauti iwe juu. Mimi mvua ya kisiwa cha tisa
naijua kwa sikio, na yule ndege wa darajani,
na mlango nitausikia.
Lakini cheza ya kwako.
Ile yangu, msiguse."

Msiguse, kana kwamba tuko wengi bado,
tumebanana kwenye benchi, mmoja ana pedi,
tisa wana maoni.

Basi niko kisiwa cha tatu, saa nane za usiku,
Luku imebaki uniti nne.
Nimeanguka shimo lile la kitoto
ambalo Bugumba aliliita kaburi langu.
Sikuanza upya.
Nimemwambia Mama, humu kinasani,
hapo nimeanguka, sasa napanda, vumilia.

Kinasa sauti hakichagui.
Kinachukua feni, mbwa wa jirani,
mimi nikimeza mate mbele ya buibui,
na sasa mvua, imeanza juu ya bati
bila hodi, ikitokea upande wa ziwa.
Nilinyoosha mkono nizime, nikaurudisha.
Kisiwa hiki nacho kina manyunyu kidogo.

Atasikia mvua mbili.
Aseme mwenyewe ipi ni ya wapi.